Fundi wa Saa Kumi

Nyumba yetu ina soketi za simu nyingi kuliko watu. Kuna ya mlangoni, ambayo ndiyo kuu, pale waya unapoingia kutoka kwenye kijisanduku cha ukuta wa uani. Kuna ya sebuleni, ya jikoni, ya chumbani kwa wazee, ya chumba cha kupigia pasi, na ya mwisho iko bafuni, juu ya kapu la nguo chafu. Ukimuuliza baba mkwe wangu ni nani aliyetaka kuongea na simu huku anaoga, atakujibu kwamba soketi huwekwa kabla ya haja, si baada ya haja. Huyo ndiye Mzee Waya. Mtaa mzima unamwita hivyo, na mama mkwe naye humwita hivyo akiwa amekasirika.

Mzee Waya alipanda nguzo za simu maisha yake yote ya kazi. Alistaafu na vitu vitatu: koti la kijivu la kazini, goti bovu, na simu ya majaribio. Simu hiyo ni ya mafundi, ya rangi ya chungwa, na haichomekwi kwenye soketi. Ina nyaya mbili fupi zenye vibanio vya meno, ambavyo huuma waya popote ulipo ili fundi asikilize kama laini ni nzima. Yeye huiita Mamba. Mamba analala juu ya kabati la jikoni na hakuna ruhusa ya kumgusa, hata kwa kitambaa cha vumbi.

Mimi ni mke wa mwanawe. Kazi yangu ni kupokea simu za wateja wa kampuni ya kusafirisha vifurushi. Mzigo wa mtu ukichelewa, hupiga simu kugomba, na anayegombezwa ni mimi. Wanaonijua hushangaa kwamba mtu mwenye hasira za karibu kama mimi ameiweza kazi hiyo miaka yote. Nawaambia mimi hasira zangu sizitumii kazini, nazileta nyumbani.

Basi kampuni ikatangaza kwamba ofisi inahamia mji mwingine, safari ya basi ya siku nzima. Msimamizi wetu, mwanamke mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, alituita mmoja mmoja. Aliniambia kwamba mwenye mtandao imara nyumbani kwake anaweza kufanyia kazi huko huko, ila kwanza atajaribiwa kwa wiki nzima. Mtandao ukikatika mteja yuko hewani, wanaona. Ukikatika mno, basi mtu atawafuata mji ule mwingine, au mtaagana kwa amani.

Mimi sikutaka kuhama na sikutaka kuagana na mtu. Mume wangu ni kinyozi, ana kibanda chake pale kona, na wateja hawahami na kinyozi. Wazee ndio hao. Nikihama nitahama peke yangu, nikae kwenye chumba cha kupanga, niwe nakula nikiangalia ukuta.

Tatizo ni kwamba nyumba yetu iko bondeni. Simu ya mkononi hushika mtandao ukisimama kwenye ngazi za mbele na kuinua mkono kama unayekula kiapo. Kwa hiyo njia ikabaki moja, laini ya zamani ya Mzee Waya. Majirani wote walishakata za kwao, sisi tukabaki nayo kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia mwenyewe ikatwe.

Kampuni ya simu ikatuletea boksi. Ndani mlikuwa na ruta, nyaya, karatasi ya maelekezo, na vichujio viwili. Vichujio vilikuwa vidude vyeupe vidogo, kila kimoja na mkia mfupi wa kuchomeka ukutani, na matundu mawili, moja lina picha ya simu na jingine lina picha ya kompyuta. Ilikuwa Jumamosi. Mume wangu alifunga kibanda mapema, akaketi sakafuni, akavaa miwani, akaanza kusoma karatasi ile kuanzia jina la kiwanda.

Wateja wake wanamwita Taratibu. Mtu huingia kunyolewa akiwa na haraka, akatoka amelala usingizi mzuri na ndoto juu.

"Ruka huko," nikamwambia. "Soma panaposema chomeka."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na Jumatatu nayo haina subira. Soma!"

Akasoma. Karatasi ilisema kwamba sauti na mtandao hupita kwenye waya mmoja, na zikikutana bila kuchujwa huharibiana. Ndiyo maana kila simu iliyounganishwa na laini ile lazima iwe na kichujio chake. Kila simu, na maneno hayo mawili yalikuwa yamekolezwa wino.

Mzee Waya alikuwa kwenye kiti chake, anatazama dirishani. Alikuwa amenuna. Mdomo wake ukinuna husogea upande wa kushoto, na siku hiyo ulikuwa umehama kabisa.

"Nyumba ina fundi wa simu," akasema bila kutugeukia, "halafu watu wanasoma karatasi."

"Baba, hivi vitu ni vipya," mume wangu akasema.

"Waya ni mpya?"

"Waya si mpya."

"Basi."

Tukachomeka kichujio kimoja kwenye soketi ya chumba cha pasi, ambacho ndicho kilikuwa kinageuzwa ofisi yangu. Taratibu akaunganisha ruta kwa utulivu wa mtu anayetia uzi kwenye sindano. Taa zikawaka nyekundu, zikabaki nyekundu. Tukangoja. Nikaangalia vizuri, kumbe waya wa ruta ameuchomeka kwenye tundu lenye picha ya simu.

"Mume wangu, hiyo ni picha ya nini?"

Akavua miwani, akaisogeza picha karibu na jicho. "Nilidhani ni kompyuta imelala."

Tukabadilisha, na taa zikageuka kijani moja baada ya nyingine. Nikapiga makofi. Furaha hiyo haikufika mbali, kwa sababu mama mkwe alikuja kutoka jikoni ameshika kiuno. Alikuwa anaongea na shoga yake kwa simu ya jikoni, na katikati ya maneno shoga akageuka kuwa mafuta kwenye kikaango. Ni mikwaruzo mitupu. Na dakika ile ile alipoinua simu ya jikoni, mtandao wangu ulikuwa umekatika.

"Mmenikaangia rafiki," akasema.

Tukachomeka kichujio cha pili jikoni, na shoga akapona. Lakini zilibaki simu ya sebuleni na ya chumbani kwa wazee. Taratibu akatumwa duka la vifaa vya umeme, akarudi na pakiti ya vichujio vitatu, kwa kuwa muuzaji alikataa kuifungua. Viwili tukazivisha simu hizo. Cha tatu kikabaki, nikakitia kwenye droo ya vijiko pamoja na vitu vyote vya nyumba hii visivyo na kwao. Nikapita chumba hadi chumba nikiinua simu moja moja. Sauti safi, taa kijani. Soketi ya mlangoni na ya bafuni hazikuwa na simu, kwa hiyo hazikuhitaji kitu.

Mzee Waya bado alikuwa anatazama dirishani. Nilikuwa nimechoka, na mimi nikichoka ulimi hutangulia akili.

"Baba, kama unaijua hii laini kuliko karatasi, basi laini ni yako. Ikileta matatizo nitakuita wewe, simwiti mtu mwingine."

Nilisema kwa kero. Yeye akaipokea kama barua ya ajira.

Jumatatu asubuhi nilimkuta mezani amenyoa ndevu, amechana nywele zile chache, amevaa koti la kijivu. Lilikuwa limepigwa pasi. Mama mkwe alikuwa anamtazama kwa pembe ya jicho kama mtu aliyeona ndege aliyehama amerudi.

"Unakwenda wapi, Baba?" nikamuuliza.

"Niko zamu."

Nikaingia ofisini kwangu, nikavaa vipokea sauti, nikafunga pazia kwa sababu jua la dirisha lile hupiga kwenye kioo cha kompyuta. Wateja wakaanza kuniangukia. Mmoja anatafuta viatu vyake, mwingine amepelekewa pampu ya maji ilhali aliagiza saa ya ukutani. Kazi ilikwenda vizuri hadi saa kumi. Saa kumi mtandao ukakata, katikati ya mama mmoja aliyekuwa anaanza kunielewa.

"Imekatika!" nikapiga kelele hadi ukutani kukaitikia. "Baba! Imekatika!"

Nikatoka mbio kwenye ukumbi, na kabla sijafika jikoni Mzee Waya akaingia kwa mlango wa uani, Mamba yuko mkononi, anatembea bila hata kuchechemea.

"Laini nzima," akasema. "Angalia sasa."

Nikarudi ofisini. Taa zilikuwa zinarejea kijani. Jamani, nilifurahi! Nikamwambia Mungu ampe umri. Mama mkwe akamwongezea sukari kwenye chai, na yeye akainywa akiwa amesimama, kwa kuwa mtu wa zamu hakai.

Jumanne ikawa vile vile. Saa kumi ikakatika, nikapiga kelele, naye akaingia kutoka uani na Mamba, laini ikapona. Usiku mume wangu akamsifia mezani, akasema kampuni ya simu haijui ilichokipoteza. Mzee akajibu kwamba laini isiyosikilizwa hufa, na kwamba tangu astaafu hajawahi kuacha kuisikiliza. Sikuyatilia maanani maneno hayo. Nilikuwa naguguna mfupa.

Jumatano ikakatika mara mbili, saa tano asubuhi na saa kumi. Mara zote mbili Mzee akaiponya. Alhamisi ikakatika saa tatu, saa sita na saa kumi, na ile ya saa kumi ilimkata mzee mmoja aliyekuwa analia kwa sababu kifurushi kilichopotea kilikuwa cha miwani yake. Baada ya hapo msimamizi akanipigia.

"Dada, unafanya kazi nzuri, kila mtu anaona," akasema kwa upole wake ule ule. "Lakini mtandao wako unanitia aibu mbele ya wakubwa. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya majaribio. Ikikatika tena, hata mara moja, sitakuwa na la kusema."

Nikamshukuru. Nikavua vipokea sauti, nikaenda jikoni nikafungua bomba na kunywa maji kwenye kikombe cha kupimia unga, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Machozi yalikuwa yanakuja na nilikuwa nayakatalia. Mama mkwe alikuwa anakata vitunguu, kwa hiyo tungeweza kulia wote bila kuulizana.

"Usivunjike moyo, mwanangu," akasema. "Una fundi. Huyu mume wangu namjua siku nyingi, lakini kipaji hiki sikukijua. Anaitambua hitilafu kabla haijatokea."

"Anaitambuaje, Mama?"

"Si hutoka kabla hujaita? Mimi niko hapa hapa, namwona. Anamchukua Mamba, anatoka. Anakwenda pale ukutani. Ndipo wewe unapiga kelele. Yeye tayari yuko kwenye waya!"

Aliyasema kwa fahari, kisu kiko juu. Mimi nilisimama na kikombe changu. Maneno yake yaliniingia polepole, kama Taratibu ndiye anayeyasoma.

Jioni ile, jua likiwa bado lipo, nilimsikia Mzee akiburuta kiti kufikia juu ya kabati. Nikaingia ofisini haraka, nikafungua pazia ambalo lilikuwa limefungwa wiki nzima. Dirisha lile linatazama uani. Mzee Waya akatokea na koti lake, akakifungua kile kijisanduku cha ukutani ambamo waya wa kutoka kwenye nguzo hupita kuingia ndani, akamng'atisha Mamba waya kwa meno yake mawili, akamweka sikioni. Nikageuka kuitazama ruta. Taa ya mtandao ikazima.

Akasikiliza. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamtoa Mamba. Taa ikaanza kupepesa, ikawa kijani.

Kila simu, karatasi ilisema. Kila simu lazima iwe na kichujio chake. Tulikuwa tumezivisha zote zinazokaa kwenye soketi, tukasahau ile inayolala juu ya kabati. Mganga mwenyewe ndiye alikuwa ugonjwa. Na kadiri tulivyomsifia ndivyo alivyozidi kwenda kuisikiliza, na alivyozidi kuisikiliza ndivyo ilivyozidi kukatika, na ilivyozidi kukatika ndivyo tulivyozidi kumsifia.

Nilitoka chumba kile nikiwa moto. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, yamejipanga foleni. Nikamkuta mume wangu ndiyo kwanza anaingia, ana vinywele vya watu mabegani. Nikamvuta bafuni, nikafunga mlango, nikamweleza huku nimekalia kapu la nguo chafu chini ya soketi isiyo na kazi.

Taratibu akacheka kwanza. Halafu akaona uso wangu, akaacha.

"Mwambie," akasema.

"Baba ni wako."

"Mtandao ni wako."

"Nitamwambia, lakini nikianza mimi sitaweza kusimama. Unanijua."

"Nakujua. Ndiyo maana naogopa."

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe hajawahi kubisha hodi kwenye bafu lake mwenyewe. Alikuwa amesikia yote. Akaegemea ukuta, akacheka bila sauti hadi akajifuta macho kwa taulo letu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Na mimi ndiye niliyempigia koti lenyewe pasi!"

Alipomaliza kucheka akanishika mkono. "Mwanangu, una haki ya kukasirika. Lakini nikuambie kitu. Tangu astaafu, watu humwita huyu mzee aje asalimiwe, au aje ale, au asogee apite mtu. Wiki hii ndiyo ya kwanza mtu kumwita kwa haraka, kwa kuwa anahitajika. Analala vizuri. Goti halimuumi. Mwambie, ni lazima aambiwe. Ila usimwambie ukiwa hivyo."

Nilikula chakula cha jioni kimya, na kila mtu akajua kwamba kuna jambo, isipokuwa Mzee, ambaye alikuwa anatusimulia nguzo moja iliyokuwa na nyuki. Nilimtazama anavyosimulia. Mikono yake ilikuwa inapanda nguzo. Hasira yangu ilikuwepo, sisemi uongo, lakini ilikuwa imekosa pa kukaa. Nampenda yule mzee. Nililijua hilo zamani, ila siku ile lilinikera kulijua.

Ijumaa asubuhi nikafungua droo ya vijiko. Kichujio kile cha tatu kilikuwa chini ya kifungulio cha chupa. Nikakichukua, nikaenda kibarazani nyuma, ambako Mzee alikuwa anapaka kiatu rangi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mkwe. Umelala?"

"Nimelala kidogo. Baba, leo ndiyo siku ya mwisho. Ikikatika mara moja tu, nahama."

Brashi ikasimama. Nadhani hakuwa ameambiwa hivyo waziwazi, au aliambiwa akaacha kusikia. "Unahama kwenda wapi?"

"Huko ofisi ilikokwenda. Peke yangu."

"Haitakatika," akasema. "Nitashinda pale ukutani. Sitaondoka hata kula."

Nikamwomba Mungu anipe ulimi wa mume wangu, walau kwa asubuhi moja.

"Baba, wewe ndiye fundi. Karatasi inasema simu yoyote inayougusa waya bila kichujio inaweza kuangusha mtandao. Nataka uniangalizie kama kuna simu ya nyumba hii tuliyoisahau."

"Hakuna. Nimeshazikagua. Jikoni, sebuleni, chumbani. Zote zimevaa."

"Zikague tena. Hata ile isiyokaa kwenye soketi." Nikakiweka kichujio kwenye kiganja chake. "Hiki kimebaki. Naona kuna mahali pake."

Alikitazama kichujio. Kisha akanitazama mimi, na akaendelea kunitazama. Nikaona aibu kama vile mimi ndiye niliyekosea, nikasema mteja wangu wa kwanza ananingoja, nikakimbia. Ndiyo, nilikimbia, mtu mzima na viatu vyangu.

Saa tatu ikapita. Saa sita ikapita, chakula nikala kwa mkono mmoja. Pazia nililiacha wazi, jua linipige litakavyo. Uani hapakuwa na mtu. Nilisikia nyundo, nikasikia droo, nikasikia mama mkwe akimuuliza Mzee mkanda mweusi wa kufungia nyaya anautafutia nini. Saa tisa na nusu nilikuwa nasoma anwani za watu huku jicho moja liko uani.

Saa kumi nikapata mteja. Alikuwa yule yule mzee wa miwani. Miwani imepatikana, imeletwa, imefika, ila amepiga simu kwa sababu anataka kumshukuru mtu na hajui amshukuru nani. Akaanza kunieleza jinsi alivyosoma gazeti lote, pamoja na matangazo ya vifo. Hapo hapo mlango wa uani ukalia.

Mzee Waya alitokea na koti lake na Mamba wake. Nilitaka kupiga kelele, lakini mteja yuko sikioni. Nikashika ukingo wa meza. Akakifungua kijisanduku cha ukutani. Ndipo nikaona, katikati ya Mamba na waya kulikuwa na kidude cheupe, mkia wake umekatwa na kuungwa upya, umezungushiwa mkanda mweusi nadhifu kuliko bandeji ya hospitali. Akamng'atisha waya. Akamweka sikioni.

Taa ya mtandao ikabaki kijani.

"Haloo?" mteja akasema. "Bado upo?"

"Nipo, mzee wangu," nikamwambia. "Nipo kabisa, endelea."

Uani, Mzee Waya hakuwa anaangalia waya. Alikuwa ananitazama mimi kupitia dirishani, kichwa ameinamisha, anauliza kwa nyusi. Nikamwinulia dole gumba. Akafumba macho kidogo, akamtoa Mamba, akaingia ndani taratibu, na safari hii alikuwa anachechemea.

Msimamizi alinipigia jioni kuniambia nimepita. Niliruka, nikaangusha kiti, nikambusu mume wangu aliyekuwa anaingia na vinywele vyake. Mezani tulikuwa na kelele nyingi. Mzee alikuwa amevua koti. Lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango.

"Mkwe," akasema. "Ile hitilafu nimeipata."

"Ilikuwa wapi, Baba?"

"Kuna fundi mmoja alikuwa anakuja pale ukutani kila siku, anatia simu yake kwenye laini bila kichujio. Hasomi karatasi. Anajiona anajua." Akalitazama koti. "Nimemfukuza kazi."

Mama mkwe alikuwa ameuma mdomo, mabega yanamtikisika. Taratibu akawa anaisoma chupa ya maji kuanzia jina la kiwanda.

"Ni fundi mbaya?" nikauliza.

Mzee akafikiri kwa haki. "Si mbaya. Kiungo chake cha waya hakina mfano. Ila ni mbishi."

"Basi mrudishe. Mimi nimezoea wabishi, nimeolewa kwao."

"Sijui kama atakubali," akasema, akirudisha macho kwenye sahani. Mdomo wake ulisogea, lakini haukwenda kushoto. "Yule mzee ana maringo. Atataka aitwe."

Jumatatu niliingia kazini rasmi. Wateja walikuwa wengi, mtandao ulikuwa mzima kutwa, na koti la kijivu lilikuwa bado nyuma ya mlango. Saa kumi ilipofika, taa zote zikiwa kijani na hakuna kitu chochote kilichoharibika popote, nilivua vipokea sauti, nikafungua mlango wa ofisi, nikapiga kelele hadi ukutani kukaitikia.

"Baba! Baba, njoo haraka uniangalizie laini!"

Nikasikia kiti kikiburutwa kuelekea kabatini.